Ufahamu na Ufupisho: Habari ya Sayansi na Teknolojia

Watahiniwa wengi huogopa sarufi na ushairi, lakini alama zinazopotea kirahisi zaidi ni za ufahamu na ufupisho. Majibu yote yamo ndani ya habari. Kinachowaponza ni kusoma haraka, kunakili sentensi nzima za mwandishi, na kujibu kwa yale wanayoyajua badala ya yale waliyoyasoma. Kosa hili la mwisho hutokea sana habari inapohusu jambo ambalo mtahiniwa anadhani analifahamu, kwa mfano kompyuta.

Kabla ya kuanza, kumbuka hatua hizi:

1. Pitia maswali kwanza ili ujue unachokitafuta.
2. Soma habari yote mara moja bila kuandika kitu, upate wazo kuu.
3. Soma tena polepole, na pembeni mwa kila aya andika neno moja au mawili yanayobeba wazo la aya hiyo.
4. Jibu kwa maneno yako na kwa sentensi kamili. Nukuu maneno ya mwandishi pale tu swali linapokutaka uthibitishe.

Tumia dakika 40 kwa zoezi hili. Usitazame majibu mpaka umalize.

Soma habari ifuatayo kwa makini, kisha jibu maswali yanayofuata.

(1) Ndani ya saa chache za safari, mtu wa Karatu hupita katika hali tatu za hewa. Juu, kwenye ukingo wa Kreta ya Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, asubuhi hutanda ukungu na baridi huingia hadi kwenye mifupa. Chini, Mang'ola kando ya Ziwa Eyasi, kwenye mashamba ya vitunguu, jua huanza kuchoma mapema. Katikati upo mji wa Karatu wenye udongo mwekundu. Mvua ikikatika, kati ya Juni na Oktoba, upepo na magari huinua udongo huo, hata meza iliyofutwa asubuhi huwa imepakwa rangi ya tofali ikifika jioni. Binadamu huvaa koti, hujifunga kitambaa puani au hutafuta kivuli. Kompyuta mpakato haiwezi kufanya lolote kati ya hayo. Humtegemea aliye nayo.

(2) Katika shule moja ya wilaya hiyo, ofisi ya taaluma ilikuwa na kompyuta mpakato moja, na mimi ndiye niliyepewa dhamana yake. Ndani yake zilihifadhiwa alama zote za majaribio ya kidato cha nne tangu muhula wa kwanza. Kwa miezi kadhaa kompyuta hiyo ilitupa dalili. Feni ilinguruma kama mashine ya kusaga. Sehemu ya chini ilipata moto hata mtu asiweze kuipakata. Mafaili yaliyokuwa yakifunguka mara moja yalianza kuchukua dakika nzima, na mara mbili ilizimika yenyewe tukiwa kazini. Tulicheka, tukaipa jina la "Bibi", tukaendelea kuitumia.

(3) Alhamisi moja ya mwezi Agosti, Bibi hakuamka. Fundi alipoifungua alikuta kati ya feni na mapezi ya shaba kuna tabaka la vumbi lililoshikana kama kitambaa. Alitueleza kwamba prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, hutoa joto kila inapofanya kazi. Joto hilo hupitia kwenye bomba la shaba hadi kwenye mapezi membamba, na feni hulipuliza nje. Vumbi likiziba mapezi, joto hubaki ndani. Prosesa ikizidiwa hupunguza kasi yake ili isiungue, na hali ikiwa mbaya zaidi kompyuta hujizima. Kompyuta ilikuwa inajilinda. Sisi tukadhani ni uzee. Vumbi lile lingeweza kusafishwa siku ile ile. Kilichokufa kabisa ni diski. Ilikuwa diski ya aina ya zamani, yenye sahani zinazozunguka maelfu ya mara kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinachoelea juu yake kwa nafasi iliyo nyembamba kuliko unywele. Nami nilikuwa na mazoea ya kuiweka begini ikiwa bado inawaka na kupanda nayo bodaboda kwenda nyumbani. Joto na mitikisiko ya barabara viliimaliza.

(4) Alama hazikuwa mahali pengine popote. Tulitumia siku 12 kuzitafuta. Walimu wengi walikuwa na madaftari yao ya alama; wa masomo mawili hawakuwa nayo. Wanafunzi walitumwa nyumbani kuleta karatasi za majaribio, na baadhi yao walikuta zimekwisha kuwashiwa moto jikoni. Waliokosa karatasi walirudia jaribio. Msichana mmoja aliyekuwa amepata alama 78 katika Fizikia alirudia akiwa anaumwa malaria, akapata 61. Alikuja ofisini akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, shikamoo. Zile 17 zimekwenda wapi?" Diski mpya ilinunuliwa wiki iliyofuata, na Bibi akaamka. Swali lile sijalipatia jibu mpaka leo.

(5) Tangu siku hiyo utunzaji wetu huanza na vumbi. Kompyuta hukaa juu ya meza ngumu, kamwe si juu ya kitanda, mto au khanga, kwa kuwa kitambaa huziba matundu ya hewa yaliyo chini yake. Kila jioni huzimwa, huachwa ipoe, kisha hufunikwa. Kioo na kibodi hufutwa kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo tu, kompyuta ikiwa imezimwa. Mara moja kila muhula, na mara mbili wakati wa kiangazi, fundi huifungua na kuipuliza kwa blowa huku ameishikilia feni isizunguke. Hatupulizi kwa mdomo, maana pumzi ina majimaji, na vumbi likichanganyika na majimaji hugeuka tope.

(6) Adui wa pili ni umeme. Umeme unapokatika na kurudi, nguvu yake inaweza kupanda ghafla na kuunguza chaja au kompyuta yenyewe. Ukikatika tunachomoa chaja ukutani, na ukirudi tunasubiri dakika chache kabla ya kuichomeka, tena kupitia kifaa cha kudhibiti umeme. Betri nayo ina masharti yake. Betri za lithiamu huchakaa upesi zikikaa kwenye joto, zikiachwa zimejaa kwa asilimia 100 siku zote, au zikiachwa ziishe kabisa mara kwa mara. Kuitumia betri kati ya asilimia 20 na 80 huiongezea maisha. Betri iliyovimba hadi kuinua kibodi haitobolewi wala haichajiwi. Inaweza kushika moto, hivyo kompyuta huzimwa na kupelekwa kwa fundi siku hiyo hiyo.

(7) Unyevu ni adui anayejificha. Kompyuta iliyolala usiku kucha ndani ya gari kwenye baridi ya ukingoni, ikiingizwa katika chumba chenye moto na mvuke wa chai, hutoa jasho kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Jasho hilo linaweza kutokea ndani pia, juu ya saketi. Dawa yake ni subira: iache ndani ya begi lililofungwa kwa saa moja hivi, ipate joto polepole, ndipo uiwashe. Chai ikimwagikia kompyuta, izime papo hapo, chomoa chaja, igeuze kifudifudi ili majimaji yatoke, wala usiiwashe eti uone kama bado ni nzima. Mpelekee fundi kwanza.

(8) Ndani ya kompyuta kuna uchafu usiofutika kwa kitambaa. Virusi huingia kwa flashi zinazozunguka kati ya ofisi, vibanda vya kutoa kopi na kompyuta za watu binafsi, kwa hiyo kila flashi hukaguliwa kwa programu ya kuzuia virusi kabla ya kufunguliwa. Masasisho ya mfumo hupakuliwa yanapotolewa, kwa sababu huziba mianya ambayo wahalifu huitumia. Mfumo wa Windows 10, uliozoeleka katika ofisi nyingi, uliacha kupata masasisho yake ya kawaida ya bure tarehe 14 Oktoba 2025. Anayeutumia bado anapaswa kupanga kuhama. Mafaili yasiyohitajika hufutwa ili nafasi ibaki, maana diski iliyojaa pomoni huifanya kompyuta itambae.

(9) Hata hivyo, kompyuta iliyotunzwa vizuri nayo ina siku yake ya kufa, au ya kuibwa. Ndiyo maana kazi yetu ya mwisho kila Ijumaa ni kutoa nakala. Kanuni yenyewe ni rahisi: kila faili muhimu liwe na nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili tofauti, na nakala moja iwe mbali na jengo. Ya kwanza imo ndani ya kompyuta. Ya pili imo katika diski ya nje inayofungiwa kabatini kwa mkuu wa shule. Ya tatu iko mtandaoni, katika akaunti ya ofisi yenye nywila. Mara moja kwa mwezi tunazifungua kuhakikisha zinasomeka, kwa sababu nakala isiyofunguka ni sawa na isiyokuwapo. Kazi hii haizidi nusu saa kwa wiki. Tungeifanya mwaka ule, diski ingekufa vilevile, lakini zile 17 zingebaki.

MASWALI

Sehemu A: Ufahamu

1. Pendekeza kichwa cha habari hii kisichozidi maneno matano. (alama 1)
2. Taja dalili nne zilizoonesha kuwa kompyuta ya ofisi ilikuwa na tatizo. (alama 2)
3. (a) Eleza kasoro mbili zilizogunduliwa na fundi, pamoja na chanzo cha kila moja. (alama 4)
   (b) Mwandishi ana maana gani anaposema, "Kompyuta ilikuwa inajilinda, sisi tukadhani ni uzee"? (alama 2)
4. Je, mwandishi anamlaumu nani kwa kufa kwa diski? Thibitisha jibu lako kwa maneno ya habari. (alama 2)
5. Eleza maana ya maneno yafuatayo kama yalivyotumika katika habari: (a) dhamana (b) mapezi (c) mianya (d) pomoni. (alama 2)
6. Kwa nini mwandishi anasema hajalipatia jibu swali la msichana, ilhali kompyuta ilitengenezwa? (alama 2)
7. Taja methali moja inayoafikiana na habari hii na ueleze inavyoafiki. (alama 2)

Sehemu B: Ufupisho

8. Fupisha aya ya sita kwa maneno yasiyozidi 50. (alama 8)

MAJIBU NA MAELEZO

1. Utunzaji wa kompyuta ya kazi.

*Angalizo:* "Vumbi la Karatu" halifai, kwa sababu vumbi ni adui mmoja tu kati ya kadhaa waliotajwa. "Bibi" nalo halifai kwa kuwa halielezi mada. Kichwa kizuri hubeba habari nzima. Ukizidisha maneno matano, alama imekwenda hata kama wazo ni sahihi.

2. Feni ilipiga kelele nyingi. Sehemu ya chini ilipata joto kali. Mafaili yalichelewa kufunguka. Kompyuta ilizimika yenyewe.

3. (a) Kasoro ya kwanza ni kuziba kwa mapezi yanayotoa joto, na chanzo chake ni vumbi lililojikusanya bila kusafishwa. Kasoro ya pili ni kufa kwa diski, na chanzo chake ni joto pamoja na mitikisiko iliyotokana na kubebwa kwenye pikipiki ikiwa bado inawaka.

*Angalizo:* Wengi huandika kwamba vumbi ndilo lililopoteza alama za wanafunzi. Rudi kwenye aya ya tatu: vumbi lingeweza kusafishwa siku ile ile. Kilichopoteza alama ni kufa kwa diski, na zaidi ya hapo kutokuwapo kwa nakala nyingine (aya ya nne). Swali la sababu hutaka uzitenganishe sababu, usizichanganye.

(b) Ana maana kuwa kupungua kwa kasi na kujizima kwa kompyuta vilikuwa njia yake ya kujiepusha na joto lisiiunguze, lakini watumiaji hawakuelewa, wakaona kuwa imechakaa tu.

4. Anajilaumu yeye mwenyewe. Anasema, "mimi ndiye niliyepewa dhamana yake", na tena, "Nami nilikuwa na mazoea ya kuiweka begini ikiwa bado inawaka".

*Angalizo:* Hapa unaruhusiwa kunukuu kwa kuwa umeambiwa uthibitishe. Weka alama za mtajo na usibadili neno hata moja.

5. (a) Dhamana: jukumu la kutunza kitu ulichokabidhiwa. (b) Mapezi: vipande vyembamba vya shaba vinavyosaidia kutoa joto ndani ya kompyuta. (c) Mianya: udhaifu katika mfumo unaoweza kutumiwa na wahalifu kuingia. (d) Pomoni: kabisa, bila kubaki nafasi.

*Angalizo:* Maneno "kama yalivyotumika" ndiyo ufunguo. Anayeandika kuwa mapezi ni viungo vya samaki vya kuogelea amesema kweli, lakini hajajibu swali. Dhamana nayo isielezwe kama ya mahakamani.

6. Kwa sababu kutengeneza kompyuta kulirudisha kifaa, lakini hakukurudisha alama 17 alizozipoteza msichana. Kifaa kinaweza kununuliwa tena; kazi iliyopotea bila nakala haina duka.

*Angalizo:* Hili ni swali la kufikiri. Jibu halikuandikwa waziwazi mahali pamoja. Unalipata kwa kuunganisha aya ya nne na sentensi ya mwisho ya habari.

7. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii inaafiki kwa kuwa dalili ndogo za kompyuta zilipuuzwa, na matokeo yake walimu na wanafunzi walitaabika siku 12 kutafuta alama, na wengine wakarudia majaribio.

*Angalizo:* "Majuto ni mjukuu" nayo inakubalika ukiieleza vizuri. "Haraka haraka haina baraka" haifai, kwani tatizo hapa halikuwa haraka, lilikuwa uzembe. Methali bila maelezo hupata nusu ya alama.

8. Ufupisho

Kwanza orodhesha hoja za aya:

- Umeme unaporudi unaweza kuunguza kompyuta.
- Chaja huchomolewa umeme ukikatika, na huchomekwa baada ya kusubiri, kupitia kifaa cha kudhibiti.
- Betri huchakaa kwa joto, kwa kujaa siku zote na kwa kuisha kabisa. Kiwango kizuri ni asilimia 20 hadi 80.
- Betri iliyovimba ni hatari; hupelekwa kwa fundi.

Kisha ziunganishe:

*Umeme ukikatika, chaja huchomolewa. Ukirudi, huchomekwa baada ya dakika chache kupitia kidhibiti umeme ili kompyuta isiungue. Betri ya lithiamu hudumu ikiepushwa na joto na kutumika kati ya asilimia 20 na 80. Ikivimba haichajiwi wala haitobolewi kwa kuwa inaweza kuwaka; kompyuta huzimwa na kupelekwa kwa fundi.* (maneno 45)

*Angalizo:* Tazama yaliyoachwa. "Adui wa pili" ni tamathali tu, "ukutani" ni pambo. Kujaa siku zote na kuisha kabisa hakukutajwa, kwa sababu "kati ya asilimia 20 na 80" kumebeba yote mawili. Huo ndio ufundi wa ufupisho: kupata neno moja linalofanya kazi ya manne. Mwisho andika idadi ya maneno, na uhesabu kweli. Msahihishaji naye huhesabu.

ZOEZI LA ZIADA

1. Fupisha aya ya saba kwa maneno yasiyozidi 40.
2. Kwa kutumia aya ya tano hadi ya tisa, tengeneza ratiba ya utunzaji wa kompyuta ya ofisi yenye sehemu nne: kila siku, kila wiki, kila mwezi na kila muhula.
3. Wewe ni katibu wa klabu ya kompyuta shuleni. Mwandikie mkuu wa shule barua rasmi ukimwomba anunue diski ya nje kwa ajili ya nakala. Toa sababu tatu zinazotokana na habari uliyoisoma.

Sasa jisahihishe kwa kalamu ya rangi nyingine. Usifute jibu ulilokosa. Liache lionekane, na kando yake andika kwa nini ulikosa: ulisoma haraka, ulinakili, au ulijibu kwa ulichokijua. Kosa lako ukilitambua leo, unakuwa umeziba ufa kabla ya mtihani.